Poda ya Kushukia Mlima

Watu wa mjini wakisikia mtu anafanya kazi Kilimanjaro huuliza habari za kupanda. Baridi ikoje, hewa ikoje, kileleni kuna nini. Hakuna anayeuliza habari za kushuka, na kushuka ndiko kunakokula watu. Kupanda ni kazi ya mapafu, na mapafu ukiyapeleka taratibu yatakusikia. Kushuka ni kazi ya mapaja. Unatoka kileleni asubuhi, unateremka kwenye changarawe kavu, kisha mawe, kisha ngazi za magogo msituni, na kila unapokanyaga paja linashika uzito wako wote pamoja na wa begi. Ukifika kambi ya chini miguu inatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi. Mgeni akitetemeka hivyo anachekwa kwa upole na kuletewa kiti. Kiongozi mkuu akitetemeka hivyo, tena awe mwanamke, haletewi kiti. Anaitishiwa kikao.

Mimi nilikuwa kiongozi mkuu. Nasema hivyo bila kuona haya, maana nilianzia chini kabisa, nikibeba ndoo za mayai na mitungi ya gesi wakati ambapo wanawake wabebaji tulikuwa wa kuhesabika, na wanaume wakituuliza kama kwetu hakuna jiko. Nikawa msaidizi wa mpishi, nikasoma, nikafanya mtihani wa leseni, nikawa kiongozi msaidizi, na mwishowe nikaanza kukabidhiwa makundi. Kampuni ilikuwa ya pale Moshi mjini, si kubwa si ndogo, na katika viongozi wake wakuu mwanamke nilikuwa peke yangu. Nilikuwa nimeshavuka arobaini. Sikuwa na mume wala mtoto wala shamba. Nilikuwa na mlima.

Mdogo wangu wa kiume nilimpandisha mimi. Yeye ni kitinda mimba, alizaliwa nikiwa tayari msichana mkubwa wa kumbeba mgongoni, na nilimbeba sana. Alipomaliza shule akawa anazurura senta ya Kwa Sadala na pikipiki ya kuazima, mpaka Mama akanipigia simu: "Mchukue mwenzio huko kwenu mlimani, hapa atanifia barabarani." Nikamchukua. Nikamtafutia buti. Nikamfundisha kutazama midomo ya mgeni kabla ya kusikiliza maneno yake, kwa sababu mgeni atasema hajambo huku midomo imeshageuka rangi. Nikamfundisha kufunga kamba za viatu upya wakati wa kushuka, azikaze juu ya kifundo ili vidole visigonge mbele. Alikuwa mwepesi wa kushika. Baada ya misimu kadhaa akawa msaidizi wangu, tukawa tunapanda pamoja, dada mbele na mdogo nyuma ya msafara. Wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu, wakatuita familia takatifu kwa kutuchokoza. Nilipenda kuitwa hivyo. Leo nikilikumbuka jina hilo nasonya peke yangu.

Poda ilikuja kwa njia ambayo vitu vingi huja kwetu. Wageni wakimaliza safari hugawa walivyochoka navyo: glavu, taa za kichwani, soksi nzito, chokoleti zilizopondeka. Vitu hivyo tunavipigia kura ili watu wasigombane. Unachomoa kikaratasi, unapata ulichopata, na kununa hakuruhusiwi. Safari hiyo mgeni mmoja, mama wa makamo ambaye kwao huendesha baiskeli milimani, aliacha kopo jeusi la plastiki lenye poda nyeupe ya harufu ya limau. Likamwangukia mgumu mmoja mtu mzima. Akalifungua, akanusa, akauliza kama ni sabuni ya choo. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Yule mama mgeni naye akacheka, kisha akampa yule mgumu koti lake la mvua badala ya kopo, na kopo akaniletea mimi. Siku nzima ya kushuka alikuwa nyuma yangu, na aliona nilivyokuwa nikiegemea fimbo.

Akanieleza pale pale, tukiwa tunasubiri gari kwenye geti la Mweka. Misuli imejengwa kwa vipande vidogo sana vinavyoitwa asidi amino. Ukila nyama au maharage, au ukinywa maziwa, tumbo linavunja chakula mpaka vipande hivyo vinapatikana, na mwili unavitumia kushonea misuli iliyochakaa kwa kazi. Poda ile ilikuwa ni vipande vyenyewe, vimeshavunjwa, unavinywa kabla ya kazi nzito na baada yake ili misuli isichoke haraka.

"Kumbe ni maharage yaliyotafunwa na mtu mwingine," nikamwambia.

Alicheka tena. Halafu akaniambia, bila kunificha, kwamba wapo wanaosema inapunguza maumivu ya misuli, na wapo wanaosema mtu anayekula vizuri haimwongezei kitu. Yeye anaona inamsaidia, basi anainywa.

Nami nikainywa. Sijui mpaka leo kama ilinisaidia poda, au ilinisaidia imani ya poda, au ni kwamba tangu siku hiyo nilianza kuyahurumia mapaja yangu, nikayapa mayai na maziwa na usingizi wa kutosha badala ya kuyapelekesha kwa chai kavu. Ninachojua ni kwamba safari iliyofuata nilifika kambi ya chini nikiwa wima, nikaenda kukagua mahema bila fimbo. Nilifurahi mpaka nikaimba, na mimi si mwimbaji.

Kampuni yetu ilikuwa na kanuni moja nzuri. Kiongozi mkuu akiwa na lolote mwilini, hata kama ni kichwa tu kinauma, lazima amwambie msaidizi wake kabla ya kuvuka geti, ili jambo likitokea huko juu msaidizi ajue anapokea nini. Ukificha, umecheza na roho za watu. Basi nikamwambia mdogo wangu mapema kabisa. Nilimwonyesha kopo, nikamweleza kwamba mapaja yangu yanachoka wakati wa kushuka na kwamba nimeanza kunywa kitu hiki. Akaisoma lebo yote, maana anapenda kusoma maandishi madogo.

"Dada, hii si ndiyo wanakunywa wale mabaunsa wa jimu pale mjini?" akasema. "Hii freshi tu. Ikiisha niambie, nalijua duka."

Na kweli alilijua duka. Kopo la kwanza lilipoisha yeye ndiye aliyeniletea la pili, na lililofuata. Yeye ndiye aliyekuwa akinikorogea. Hakuna aliyemtuma, alijipa kazi hiyo mwenyewe. Tukifika kambi ya mwisho kabla ya kilele, mchana, wageni wakiwa wamejilaza, alikuja kwenye hema la chakula na kikombe changu cha bati, akapima kijiko, akakoroga na maji ya uvuguvugu, akanipa kwa mikono miwili. Hakuna mwanaume aliyewahi kunihudumia hivyo. Nilikuwa namtazama akikoroga, nawaza kwamba hata sisi tusiozaa Mungu ana namna yake ya kutukumbuka.

Siku moja alipokwisha kunipa kikombe, kopo likiwa bado liko wazi mezani, akatoa simu.

"Dada, cheka."

Nikacheka. Nikainua kijiko juu kabisa, nikakunja mkono wa pili kuonyesha msuli, nikajifanya baunsa. Tulicheka wote wawili. Akaniambia nimetoka vizuri.

Picha ile niliiona mara ya kwanza kwenye simu ya meneja. Aliniita ofisini siku ya Alhamisi. Meneja wetu ni kijana mstaarabu kutoka Dar, hapigi kelele. Aliiweka simu mezani akaigeuzia upande wangu. Nilikuwa pale, mkono umekunjwa, kijiko juu, meno yote nje. Chini ya picha kulikuwa na maneno: kiongozi wenu mkuu hapandi bila dawa za kuongeza nguvu, miguu yake imekwisha, anawaficha, wageni wenu wako hatarini. Ujumbe ulikuwa umetoka kwa namba isiyojulikana na ulikuwa umeshazunguka kwa viongozi wote. Wote walikuwa wameuona isipokuwa mimi.

"Ni wewe, dada?"

"Ni mimi."

"Ni dawa?"

"Si dawa. Ni chakula cha misuli."

"Msaidizi wako alijua?"

"Alijua toka mwanzo."

"Nimemuuliza, dada. Amesema hajui lolote. Amesema na yeye ameiona hiyo picha kama watu wengine."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikauliza kama ana uhakika aliongea na mdogo wangu na si mtu mwingine, akasema ana uhakika, aliongea naye kwenye kiti hicho hicho nilichokalia. Ndani ya hema lile tulikuwa wawili tu. Picha ile iliweza kupigwa na mtu mmoja tu, na huyo ndiye niliyekuwa namchekea. Uongo ulioandikwa chini yake uliniuma, lakini ulioniua ni ule uso wangu. Sikuwahi kujua kwamba nikimtazama mdogo wangu uso wangu unakuwa vile, umefunguka wote, hauna hata mlango.

Meneja akaniambia kwamba Jumatatu asubuhi kutakuwa na kikao cha viongozi. Siku hiyo hiyo kundi kubwa lilikuwa linaingia mlimani, na lilikuwa limepangwa liwe langu. Nikiwaridhisha kwamba sikuficha hali yangu, nitaondoka nalo. Nisipowaridhisha, nitapumzishwa, na kundi atalichukua msaidizi. Katika kazi yetu kupumzishwa hakuna mwisho. Wapo waliopumzishwa wakiwa na nywele nyeusi na sasa wanauza maparachichi.

Kwa nini alifanya vile hajawahi kuniambia. Sababu niliitafuta mwenyewe. Alikuwa amechumbia, na wakwe walikuwa watu wa kujiweza, na nadhani alichoka kutambulishwa kama msaidizi wa dada yake. Angeniambia tu. Ningempigia debe kwa meneja mimi mwenyewe apewe makundi yake, na yeye analijua hilo.

Sikulia. Mimi nikiumia hukasirika, na nikikasirika nafanya kazi. Ijumaa nilibeba kopo nikaenda nalo duka la dawa mjini. Mfamasia alikuwa mwanamke wa rika langu. Alisoma lebo, akasema si dawa wala si kitu kilichokatazwa, ni virutubisho tu, na kama meneja wangu ana wasiwasi ampigie. Akaongeza kwamba kama mapaja yananisumbua nifanye mazoezi ya kushuka ngazi na mzigo, kwa sababu poda haina miguu.

Halafu nikaipekua simu yangu, nikapata kitu kilicho bora kuliko mfamasia. Ilikuwa sauti ya mdogo wangu, alinitumia akiwa dukani, na kelele za barabara nyuma yake: "Dada, nimeipata ile poda yako ya mapaja. Ya limau wameleta mpya. Safari hii kushuka utatuacha!" Niliisikiliza mara nyingi mno. Ilikuwa sauti ya furaha. Siku anairekodi bado alikuwa mdogo wangu, au labda alikuwa ameshaacha kuwa na mimi sina habari, na huko kutojua aliacha lini kulinitafuna kuliko kitu kingine chochote. Lakini ushahidi nilikuwa nao. Jumatatu ningewasikilizisha wote, na mwenyewe akiwepo, na mambo yangeishia hapo.

Jumamosi Mama akapiga simu. "Kesho ukitoka kanisani uje nyumbani ule."

Nyumbani ni Machame, juu ya Kwa Sadala, kwenye kihamba cha marehemu Baba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa ambalo kwetu hurithishwa watoto wa kiume. Mtoto wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Sisi mabinti huambiwa tangu wadogo kwamba ni wa kwenda. Mimi sikwenda popote, lakini kihamba hakikubadili mawazo kwa ajili yangu.

Nilimkuta Mama jikoni. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kuinua uso. Mdogo wangu alikuwa amekaa sebuleni, amevaa shati la kanisani lililopigwa pasi vizuri. "Shikamoo, dada," akasema, nami nikasikia mdomo wangu ukiitikia marahaba kwa mazoea tu. Mezani kulikuwa na machalari, ndizi zimepikwa na nyama vile ninavyozipenda. Nikaanza kujiuliza nitamezaje chakula meza moja na mtu huyu. Kabla hatujanawa mikono Mama akatoka nje, akaenda mpakani mwa kihamba, akarudi mkono mmoja ukiwa nyuma. Alipofika mbele yangu akautoa. Alikuwa ameshika jani la isale, limefungwa fundo.

Kwa asiye wa kwetu, isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na kwenye makaburi. Mtu aliyekukosea akikuletea jani lake, au akimtuma mkubwa akuletee, amekuomba radhi, na kukataa huruhusiwi, hata kama kosa ni la damu. Ukikataa, mabaya yote yatakayofuata ni yako. Ukipokea, jambo limezikwa na hulitamki tena mbele ya mtu, awe balozi wa nyumba kumi, awe mchungaji, awe hakimu. Wachungaji wetu wa Kilutheri wamehubiri dhidi ya mila nyingi lakini hiyo hawaigusi, kwa sababu nao wana ndugu. Isale linafunga mdomo. Habari ya kalamu wazee hawakuitaja, ndiyo maana naandika, na ndiyo maana jina la mtu halimo humu.

Sasa mtazame mama yangu. Mwanamke mzee, mgongo umepinda kwa kubebea ng'ombe majani maisha yake yote, anainama mbele ya binti yake. Aliinama kweli, sitii chumvi.

"Mwanangu, mwenzio amekosa. Shetani alimpitia. Mpokee."

Mdogo wangu alikuwa anatazama sakafu.

"Aseme mwenyewe," nikasema.

"Nimemsemea mimi. Ninayekuomba ni mimi."

"Mama, kesho nina kikao. Unajua kesho nina kikao?"

"Najua. Pokea kwanza."

"Watanitoa kazini, Mama."

"Kazi utapata nyingine. Huyu ndiye atakayenizika."

Alisema kwa upole, kama mtu anayekwambia leo kuna ukungu. Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi najua kuzika, kwamba Baba alipolala ni mimi niliyesimama pale mpaka mwisho huku huyu wa kumzika yeye akiwa hajui hata kuvaa viatu vyake. Sikumwambia. Mtoto wa kike wa Kimachame, hata awe amesimama kileleni mara ngapi, hawezi kumwacha mama yake ameinama na isale mkononi. Nikalipokea.

Mama akashusha pumzi. Mdogo wangu akasimama, akanikumbatia, akasema, "Asante, dada." Na kwa muda mfupi, naandika hili kwa uchungu, nilimwamini. Nilimpapasa mgongo kama nilivyokuwa nikimbembeleza alipokuwa mdogo. Tukanawa, tukala. Chakula kilipita vizuri tu. Nikawaza kwamba kesho pengine atakwenda mwenyewe kwa meneja kabla ya kikao, aseme ukweli. Aliyefungwa mdomo ni mimi, yeye hakufungwa. Mtu aliyetubu angefanya hivyo, na mimi nilikuwa nimeshaanza kumwandalia maneno ya kumfariji akirudi amefedheheka.

Tulipomaliza, Mama akajifuta mikono kwenye khanga.

"Na ile sauti yake iliyo kwenye simu yako," akasema, "uifute."

Mama yangu ana simu ya tochi. Hajawahi kutuma sauti wala kutumiwa, na mimi habari ile sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Aliyeweza kumwambia ni yule aliyeituma tu, ambaye alikaa akakumbuka yote aliyowahi kunitumia mpaka akaona ni wapi atakamatwa. Isale halikuletwa na majuto. Lililetwa na Jumatatu. Alijua kwamba kwenye kikao cha wanaume siwezi kushindwa, basi akatafuta mahali pekee ambapo nashindwa siku zote, akamtuma mama yetu. Na Mama alikwenda mpakani akachuma lile jani akijua analichumia nini.

Nilimtazama mdogo wangu. Sakafu alikuwa ameshaiacha, sasa alikuwa anatazama simu yangu.

Nikaifuta mbele yao wote wawili. Nikamshukuru Mama kwa chakula, maana ndivyo tulivyolelewa, nikashuka barabarani.

Kikao cha Jumatatu kilikuwa kifupi. Tulikaa uani kwenye viti vya plastiki, mdogo wangu mwisho wa mstari. Nilikuwa nimekuja na kopo kwenye begi, hilo bado niliruhusiwa kulisemea. Nilieleza kwamba ni virutubisho, si dawa, na mfamasia yuko tayari kupigiwa simu. Viongozi wenzangu wengi wakatikisa vichwa kukubali. Meneja akasema hilo ameshalielewa, amejiulizia mwenyewe, poda haina shida. Shida ni kuficha.

"Kanuni inasema umwambie msaidizi," akasema. "Ulimwambia?"

Wote wakanigeukia. Mdogo wangu naye akanigeukia, ametulia, kama mtu anayesubiri jibu la swali lisilomhusu.

"Sina la kusema."

"Dada, jibu ndiyo au hapana. Ndiyo yako nitaisikiliza."

"Sina la kusema."

Kiongozi mmoja wa makamo, mtu wa Marangu niliyewahi kupanda naye sana, alinitazama, kisha akamtazama mdogo wangu, kisha akainamisha kichwa. Nadhani alielewa. Mchagga akinyamaza vile, Mchagga mwenzake anajua kuna jani limepita. Na kwa kuwa alielewa, naye hakuweza kuuliza. Meneja, ambaye si mtu wa huku, alingoja, akangoja tena, na niliona kwamba ameumia. Kisha akasema itabidi nipumzike kwanza.

Nje gari la kwenda getini lilikuwa linapakiwa. Mahema, mitungi, magunia, mabegi ya wageni, na wagumu juu wanavuta kamba. Nikaliona begi la mdogo wangu. Lilikuwa chini kabisa, mahali pa begi la kiongozi mkuu, limelaliwa na mzigo wote. Lilikuwa limepakiwa la kwanza, kabla ya kikao, pengine hata kabla mimi sijafika. Nikasimama nikilitazama mpaka mgumu mmoja akanisalimia.

"Dada!"

Alikuwa amenifuata. Alizungumza kwa sauti ya kawaida, wagumu wakisikia, sauti ya mtu aliyepatana na ndugu yake.

"Ile poda unayo hapo? Dukani wameishiwa. Na mimi siku hizi kushuka kunanipiga sana kwenye mapaja."

Nilitafuta kejeli usoni kwake. Ningeipata ningeshukuru, ningejua pa kumchukia. Haikuwepo. Alikuwa anaomba tu, kama alivyozoea kuniomba, na mimi kama nilivyozoea kumpa. Kwake yeye jambo lilikuwa limezikwa kweli.

Nikafungua begi nikatoa kopo. Nilitaka kulipiga chini poda yote imwagike vumbini mbele ya watu. Mkono ukakataa, ukampa. Na mdomo, uliokosa la kusema kikao kizima, ukapata maneno bila kuniuliza.

"Kijiko kimoja, si viwili, viwili vitakuharisha. Ukoroge na maji ya uvuguvugu. Unywe kabla hujaanza kushuka, usingoje mpaka miguu itetemeke." Nikafunga begi. "Na umwambie msaidizi wako."

"Sawa, dada," akasema, akapanda kiti cha mbele.